Rada, sensa za sauti au kamera: uchague msaidizi gani wa eneo pofu la gari?

Eneo pofu ni ile sehemu ya ubavuni mwa gari, kuanzia usawa wa bega la dereva kwenda nyuma, ambayo kioo cha ndani hakiioni, kioo cha pembeni hakiioni, na jicho nalo haliioni mpaka ugeuze shingo. Gari dogo zima linaweza kujificha humo. Pikipiki ndiyo usiseme. Watengenezaji huuza dawa ya tatizo hili kwa majina chungu nzima (BLIS, BSM, Side Assist na mengine), na kwa kuwa karibu yote huishia kwenye kitaa cha njano kwenye kioo, mnunuzi hudhani vyote ni kitu kimoja. Tofauti ni kubwa, na inaanzia kwenye swali moja: mfumo unapima kwa kutumia nini?

Kabla ya kulipia chochote, weka vioo sawa

Madereva wengi huvielekeza vioo vya pembeni ndani mno, hadi theluthi nzima ya kioo inaonyesha ubavu wa gari lao wenyewe. Egemeza kichwa kwenye dirisha la upande wako, kisha sogeza kioo cha upande huo kuelekea nje mpaka ubavu wa gari ubaki mstari mwembamba ukingoni. Halafu inamia katikati ya gari, chini ya kioo cha ndani, ufanye vivyo hivyo kwa kioo cha upande wa pili. Ukikaa wima hutauona ubavu wa gari kabisa, na siku mbili tatu za mwanzo utahisi umepotea.

Kipimo chake ni hiki: gari linalokupita litoke kwenye kioo cha ndani na kuingia cha pembeni bila pengo, na kabla halijamalizika kwenye kioo cha pembeni uwe umeshaanza kuliona kwa pembe ya jicho. Vile vioo vidogo vya mbinuko vya kubandika husaidia kujua kwamba kuna kitu, ila hukionyesha kidogo na mbali kuliko kilivyo. Usivitumie kukadiria umbali.

Mfumo wa kielektroniki unakuja juu ya hapo. Vioo vikiwa vimekaa vibaya, unakuwa umenunua sensa ya kufidia kosa la kurekebisha kwa dakika mbili.

Sensa za sauti

Hizi ni zile sensa za duara kwenye bampa zinazojulikana zaidi kwa kuegesha. Zinatoa mawimbi ya sauti ya kama kHz 40 hadi 58, ambayo sikio la binadamu halisikii, kisha zinapima muda ambao mwangwi unachukua kurudi. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, kwa hiyo kitu kilicho mita 4 hujibu baada ya milisekunde 23 hivi. Upeo wake ni mita 4 au 5.

Mifumo iliyobuniwa vizuri hutumia pia sensa za pembeni mwa bampa la mbele. Kitu kikionekana na sensa ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, kompyuta inajua kwamba gari lako ndilo lililokipita, labda ukingo wa barabara au gari lililoegeshwa, nayo inanyamaza. Kikitokea nyuma bila kupita mbele, taa inawaka.

Udhaifu wake unaonekana kwenye hesabu ndogo. Unaenda kilomita 80 kwa saa, na kwenye leni ya pili kuna gari linakuja kwa 120. Tofauti ni kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kwa kila sekunde. Sensa inayoona mita 5 italigundua gari hilo chini ya nusu sekunde kabla halijafika ubavuni mwako, na kuhama leni kwa utulivu huchukua kama sekunde 3 hadi 5. Utakuwa umeshaanza kuingia. Tena upepo wa mwendo kasi na kelele za breki za hewa za malori huvuruga mwangwi, na tope, barafu au tone zito la maji juu ya sensa huiziba.

Kwa anayeendesha mjini, kwenye msongamano ambako magari yote yanatambaa kwa mwendo unaokaribiana, sensa za sauti zinatosha, na hazina gharama kubwa kuzibadilisha. Kwa barabara kuu sizipendekezi hata kidogo.

Rada

Rada mbili hufungwa nyuma ya ngozi ya plastiki ya bampa la nyuma, moja kila kona, zikitazama nyuma na nje kwa mshazari. Kila moja hurusha mawimbi ya redio na kusoma yanayorudi: muda na mabadiliko ya masafa huonyesha umbali na kasi ya kitu, na tofauti kati ya antena zake huonyesha kiko upande gani. Kasi ndiyo hasa inayoipa rada ubora wake. Haisemi tu "kuna kitu". Inajua kitu hicho kinakukaribia kwa mita ngapi kwa sekunde. Rada inayoona mita 70 nyuma, katika mfano wetu wa hapo juu, inakupa zaidi ya sekunde 6.

Ujuzi huo wa kasi ndio unaoiwezesha kuchuja. Ukuta wa barabarani, nguzo na magari yaliyoegeshwa vyote vinarudi nyuma kwa kasi ileile unayokwenda wewe, hivyo kompyuta inavifuta. Ukilipita gari la polepole kwa tofauti kubwa ya mwendo, mifumo mingi haiwashi taa. Ukilipita taratibu hadi likakaa ubavuni mwako, itawaka. Watu hudhani hilo ni hitilafu na kurudisha gari kwa fundi, kumbe limeundwa hivyo.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 17387 cha mwaka 2008 kinatenganisha mambo mawili ambayo matangazo huyachanganya: kuonya kuhusu gari lililo tayari ubavuni, na kuonya kuhusu gari linalokuja kwa kasi kutoka mbali nyuma. Kuna magari yenye la kwanza tu. Muuzaji akikwambia "lina rada ya eneo pofu", muulize inaona umbali gani nyuma, au fungua kitabu cha gari na uangalie mchoro wa eneo linalolindwa. Mchoro ukiishia mita 3 au 4 nyuma ya bampa, hiyo ni ya ubavuni tu. Angalia pia mwendo wa kuanzia kazi. Kwa magari mengi uko kati ya kilomita 10 na 30 kwa saa, na chini ya hapo taa haitawaka hata pikipiki ikikugusa mlango.

Rada za zamani hutumia masafa ya GHz 24, mpya hutumia GHz 76 hadi 81. Mpya ni ndogo na hutenganisha vitu vizuri zaidi, kwa sababu ina upana mkubwa wa masafa, yaani hutumia kipande kikubwa zaidi cha masafa kwa mara moja. Upana wa MHz 200, wa kawaida kwenye GHz 24 za mkondo mwembamba, hautenganishi vitu viwili vilivyopishana chini ya sentimita 75 kwa umbali. Upana wa GHz 1 unashuka hadi sentimita 15. Pikipiki iliyobanana na lori ndiyo inayonufaika na tofauti hiyo.

Lakini kuna bei ya kulipia, nayo iko kwenye bampa.

Wimbi la GHz 77 lina urefu wa milimita 3.9 hewani, na likiwa ndani ya plastiki ya bampa hupungua hadi kama milimita 2.5. Unene wa bampa la kiwandani umepimwa ili wimbi lipite bila kurudishwa sana. Fundi bodi akiongeza milimita moja ya puti mbele ya rada, au rangi tabaka mbili zaidi, hasa rangi ya metali yenye chembe za alumini, sehemu ya wimbi inarudi palepale na nyingine inapindishwa. Wimbi la GHz 24 lina urefu wa milimita 12.5, kwa hiyo linavumilia zaidi. Ufa ulioshonwa kwa pini za chuma za moto ni mbaya kwa zote mbili: umeweka chuma mbele ya jicho la rada. Stika na kibandiko cha aina yoyote kwenye kona za bampa la nyuma navyo viondolewe.

Kisha kuna pembe. Braketi, yaani kishikio cha rada, ikipinda kwa nyuzi 3 tu baada ya kugongwa taratibu kwenye maegesho, kwa umbali wa mita 70 rada inakuwa imekosea kwa mita 3.7, ambao ndio upana wa leni nzima. Bampa la plastiki hurudi kwenye umbo lake likaonekana zima, na braketi nyuma yake imebaki imepinda. Ndiyo maana baada ya kugongwa nyuma au kubadilisha bampa, rada ipimwe upya kwa utaratibu wa mtengenezaji: magari mengine hupimwa yakiwa yamesimama, kwa kifaa maalumu kinachowekwa umbali na kimo kilichoandikwa, mengine huendeshwa barabarani huku mashine ya uchunguzi ikiwa imeunganishwa.

Mambo mengine yanayoisumbua rada hayana tiba. Nyingi hazisomi mistari ya barabara. Hukadiria tu kwamba leni ya jirani iko umbali fulani. Leni zikiwa nyembamba, zinaweza kuonya kuhusu gari lililo leni ya tatu. Zikiwa pana sana, pikipiki iliyoshika ukingo wa mbali ikapita bila taa. Kwenye kona kali na juu ya vilima vifupi, gari linalokuja hutoka nje ya mwale. Ndani ya handaki na kando ya kuta za chuma, mawimbi hurukaruka na taa huwaka bila sababu. Ukivuta trela, rada huliona trela lenyewe. Magari mengi huzima mfumo yakihisi plagi ya trela, na yasiyofanya hivyo uzime mwenyewe. Ford F-150 ni mfano wa gari linaloweza kuwekewa urefu wa trela ili eneo linalolindwa lirefuke, lakini rada zake zimo ndani ya taa za nyuma. Taa ikivunjika, usinunue yoyote inayofanana kwa sura. Angalia namba ya kipuri.

Faida moja ambayo watu huisahau: rada hizohizo za nyuma ndizo zinazokuonya ukitoka rivasi na gari linapita nyuma yako, na katika baadhi ya magari ndizo zinazokuonya usifungue mlango wakati baiskeli inakuja. Kwa matumizi ya kila siku, onyo la rivasi pekee linatosha kunifanya nipendekeze rada.

Kamera

Kamera zimekuja kwa sura mbili. Ya kwanza ni kamera inayoamua yenyewe. Volvo, walioanza na BLIS katikati ya miaka ya 2000, waliweka kamera chini ya kila kioo cha pembeni, zikilinda eneo la kama mita 9.5 kwa 3. Jua la chini, mng'ao wa barabara yenye maji na uchafu wa lenzi viliipa shida, na baadaye kampuni hiyo ikahamia kwenye rada. Kompyuta za sasa zinasoma picha vizuri mno kuliko zile, lakini lenzi iliyopakwa tope inabaki lenzi iliyopakwa tope.

Ya pili ni kamera inayokuonyesha picha na kukuachia uamuzi. LaneWatch ya Honda, iliyotoka mwaka 2012, ilionyesha upande wa abiria peke yake kwenye skrini ya katikati ukiwasha indiketa. Baadhi ya magari ya Hyundai na Kia huonyesha pande zote mbili, ndani ya dashibodi mbele ya dereva, mahali ambapo jicho halilazimiki kusafiri mbali.

Picha ina sifa ambayo rada haina: unaona ni nini. Mtoto aliyesimama kando, baiskeli iliyolala, ukingo wa barabara, vyote viko pale, kwa mwendo wowote, hata gari likiwa limesimama. Ila inakudai uitazame. Kwa kilomita 100 kwa saa, sekunde moja ya kutazama skrini ni mita 28 ulizokwenda bila kutazama mbele. Na lenzi pana husukuma vitu mbali. Gari linaloonekana kama liko urefu wa magari matatu nyuma linaweza kuwa karibu zaidi. Mistari ya rangi inayochorwa juu ya picha ipo kwa ajili hiyo, basi jifunze kila mmoja unawakilisha umbali gani kwa kulinganisha na gari lililoegeshwa.

Kwa ufupi wa jedwali:

| | Sauti | Rada | Kamera ya picha |
|---|---|---|---|
| Upeo wa nyuma | mita 4–5 | mita chache hadi 70 au zaidi, kwa modeli | unavyoona |
| Inajua kasi ya kitu | kwa shida | ndiyo | hapana, unakadiria wewe |
| Mvua na giza | wastani | nzuri | dhaifu |
| Kitu kilichosimama | inakiona, kisha inakichuja | inakifuta | kinaonekana |
| Kinachoiharibu zaidi | tope, upepo, kelele | puti, rangi nzito, braketi iliyopinda | lenzi chafu, jua la chini |
| Inafaa wapi | mjini, polepole | barabara kuu, rivasi | mjini penye baiskeli na watembea kwa miguu |

Uwezo ukiruhusu, chukua gari lenye rada na picha pamoja. Ikibidi kuchagua moja, chukua rada.

Ya kuonya tu, au inayoingilia kati?

Mfumo wa kawaida una hatua mbili: gari likiwa eneo pofu, taa inawaka bila kupepesa, ukiwasha indiketa ya upande huo, taa inapepesa na mlio unafuata au usukani unatetemeka. Maana yake, dereva asiyetumia indiketa amejinyima nusu ya mfumo alioununua. Taasisi ya IIHS ya Marekani, ya kampuni za bima na inayochunguza usalama barabarani, ililinganisha magari yenye mfumo huu na yasiyo nao, ikakuta ajali za kubadili leni zilizoripotiwa polisi zikiwa pungufu kwa asilimia 14. Ni faida ya kweli, ingawa inaonyesha pia kwamba onyo ni jepesi kupuuzwa.

Mifumo inayoingilia kati hufanya kwa njia mbili. Moja hufunga kidogo breki za magurudumu ya upande ulio mbali na hatari, ili pua ya gari igeuke irudi leni yake. Nyingine husukuma usukani kwa mota yake ya umeme. Nyingi zinahitaji kamera ya kioo cha mbele isome mistari ya leni, hivyo mistari ikiwa imefutika zinabaki kuonya tu. Nguvu inayotumika ni ndogo kwa makusudi. Ukishika usukani kwa uthabiti unaishinda. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera hiyo nayo ipimwe upya.

Anayekwenda safari ndefu kwenye barabara zenye mistari safi ataona thamani yake. Kwa barabara za mistari hafifu, fedha hiyo ni bora iende kwenye rada inayoona mbali.

Ya kiwandani au ya kufungiwa baadaye?

Seti ya kufunga yenye rada mbili inaweza kufanya kazi nzuri ya onyo. Haitagusa breki wala usukani, na nyingi husoma mwendo kwa GPS, kwa hiyo ndani ya handaki zinapoteza hesabu. Seti zinazoandikwa "rada" huku picha ya boksi ikionyesha vitufe vinne vya duara vya kutoboa bampa ni za sauti. Ziache dukani kama nia yako ni barabara kuu.

Ubora wa ufungaji ndio unaoamua. Fundi avue bampa lote, asifunge kwa kupapasa kutoka chini. Rada zikae kimo kimoja pande zote mbili, umbali sawa kutoka katikati ya gari, mshale wa juu ukitazama juu, kwa pembe iliyoandikwa kwenye maelekezo. Mbele ya uso wa rada kuwe na plastiki tupu: pasiwe na boriti ya chuma, kibao cha namba, waya wala sponji iliyolowa. Zisikae karibu na bomba la moshi. Waya wa hasi ufungwe kwenye boliti ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Hasi mbovu ndiyo chanzo cha taa zinazowaka na kuzima zenyewe. Umeme uchukuliwe kwenye fyuzi inayokufa ukizima gari, vinginevyo betri italala. Waya za indiketa zichukuliwe moja moja kwa upande wake na zijaribiwe kabla bampa halijarudi, maana kuzikutanisha kinyume ni kosa jepesi: unawasha kulia, linalia kwa gari la kushoto.

Ukilikagua gari lililotumika

Washa gari uangalie vioo vyote viwili: magari mengi huwasha taa zote mbili kwa sekunde chache kujipima. Upande mmoja usipowaka, huenda ni taa ya kioo au waya, hasa kama kioo kilibadilishwa kwa kisichokuwa na taa hiyo. Unganisha mashine ya uchunguzi usome moduli za eneo pofu zenyewe. Kisomaji kidogo cha makosa ya injini pekee hakizifikii. Makosa ya kawaida ni mawasiliano kupotea kwa rada ya upande mmoja, mara nyingi maji yameingia kwenye plagi na pini zimeota kutu ya kijani, na rada isiyopimwa baada ya kubadilishwa. Rada iliyotolewa gari jingine inaweza kukaa vizuri na plagi ikaingia, isizungumze na gari mpaka iandikiwe programu yake.

Kipimo cha unene wa rangi kinachotumika kwenye bati hakisomi kitu juu ya plastiki, kwa hiyo bampa likague kwa mkono na tochi. Pitisha kiganja kwenye kona, tafuta mawimbi ya puti, linganisha rangi na bodi, kisha chungulia chini uone kama braketi za kushoto na kulia zimekaa sawa na kama boliti zina alama za kufunguliwa.

Mwisho endesha kwenye barabara ya leni nyingi, mwenzako akiwa kiti cha abiria anaangalia. Kaa leni ya kati kwa mwendo usiobadilika, uache magari yakupite kushoto na kulia. Taa iwake kabla gari halijapotea kwenye kioo cha pembeni, na izime likiwa limeshaonekana wazi kwa jicho. Linganisha pande mbili: kushoto ikiwaka gari likiwa mbali na kulia ikingoja mpaka limefika mlangoni, rada ya kulia imepinda au imezibwa, hata kama dashibodi haina ujumbe wowote. Kompyuta hugundua rada iliyokufa. Iliyopinda kidogo inaweza kuendelea kuripoti kwamba iko salama.